Simu Haikumwokoa Shosho. Mkebe wa Maziwa Ndio Uliomwokoa

Mwaka jana, Jumanne moja, nilimtumia shosho elfu mbili kwa simu. Ilikuwa saa mbili na dakika kumi na nne usiku. Najua hiyo saa kwa sababu ujumbe wa kuthibitisha bado ninao, na nimeurudia mara nyingi kuliko ujumbe wowote wa mapenzi niliowahi kutumiwa. Niliona jina lake, nikaona pesa imeingia, nikaweka simu chini. Nikalala vizuri, yaani usingizi wa mtu aliyemaliza kulipa deni.

Saa hiyo shosho alikuwa sakafuni jikoni.

Aliteleza akiepua sufuria. Jiko lake liko kando na nyumba kubwa, kama majiko mengi ya ushago kwetu Murang'a, na simu ilikuwa nyumba kubwa kwenye chaji. Nyonga ilivunjika. Aliita, lakini jirani wa karibu yuko ng'ambo ya shamba la chai, na usiku huo kulikuwa na mvua. Akakaa hapo mpaka asubuhi.

Asubuhi kijana anayekusanya maziwa kwa pikipiki alifika langoni akakuta mkebe haupo. Miaka minne amekuwa akipita hapo, na siku zote mkebe huwa umeshatolewa. Akapiga honi. Kimya. Akasikia ng'ombe analia, hajakamuliwa. Halafu akafanya kitu ambacho hakuna programu kwenye simu yangu ingefanya: akaegesha pikipiki, akafungua lango, akaingia.

Shosho yuko hai. Anatembea na mkongojo na bado ananiita "mume wangu", kwa sababu nimepewa jina la guka na kwetu hiyo ndiyo kawaida. Lakini tangu siku hiyo kuna swali limenikaa kichwani: ilikuwaje pesa yangu ikamfikia kwa sekunde mbili, na habari zake zikachukua usiku mzima kunifikia mimi?

Hili ni swali la historia. Wacha nikuonyeshe.

Kikao cha vifaa

Shosho alipotoka hospitalini, familia ilifanya kikao, nusu sebuleni, nusu WhatsApp. Kila mtu alikuja na kifaa chake. Ankoo aliye Marekani akasema tuweke kamera. Binamu akataka saa ya mkononi inayohisi mtu akianguka. Mimi nilikuwa nimeona mahali kitufe cha kuvaa shingoni: ukianguka unakibonyeza, kinapiga simu chenyewe. Nikamweleza shosho kwa Kikuyu changu cha Nairobi, nikimwonyesha na mkono kifuani mahali kitakaponing'inia.

Akaniangalia. Akauliza, "Kama kipande?"

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Baba yake alivaa kipande shingoni, na yeye akiwa mtoto mdogo alikiona. Kwa shosho, kitu cha kuning'iniza shingoni ili watu wa mbali wajue uko wapi si teknolojia mpya. Ni kitu cha kale sana, na hakikuwa kizuri.

Kamera tuliiweka. Baada ya siku tatu ankoo akaandika kwenye kundi kwamba haoni chochote ila kitu cheupe. Shosho alikuwa ameifunika na kitambaa, kile cha kufumwa kwa mkono tunachowekea viti. Alisema hawezi kukaa sebuleni na mgeni asiyesalimia.

Tulicheka. Lakini neno la kipande lilinifanya nianze kusoma.

Nani alituweka mbali?

Tunapenda kusema vijana wa siku hizi wametupa wazee. Wanasiasa wanasema, wahubiri wanasema, hata sisi wenyewe tunajisema. Ukifuatilia historia, hata hivyo, utaona umbali kati ya anayefanya kazi na anayezeeka haukuanza na sisi. Ulipangwa, tena na serikali ya kikoloni.

Kufikia miaka ya mwanzo ya 1920, mwanaume Mwafrika katika Kenya alilazimika kuwa na kipande, karatasi iliyoonyesha yeye ni nani na ameajiriwa na nani, na wengi walikibeba ndani ya kikasha cha chuma shingoni. Mwanaume alitoka kwao, akaenda kwenye shamba la mzungu au Nairobi, akapewa mshahara uliopimwa kwa mtu mmoja. Si mtu na mke, wala mtu na mama yake mzee. Nyumba pia zilijengwa hivyo, vyumba vya kubanana kwa wanaume waliohesabiwa kuwa ni wapita njia mjini.

Hesabu ilikuwa rahisi kwa mwajiri. Mke atalishwa na shamba. Watoto watalelewa na shamba. Na mfanyakazi akizeeka, atarudi hukohuko nyumbani, atunzwe huko bila mwajiri kutoa senti. Mwaka 1954 kamati ya mishahara ya Waafrika, ile iliyoongozwa na Carpenter, iliandika kwamba takriban nusu ya wafanyakazi wa mijini katika kampuni binafsi walilipwa pesa zisizotosha hata mahitaji ya msingi. Kamati ikapendekeza mishahara ipande pole pole mpaka iweze kubeba familia. Kwa maneno mengine, serikali yenyewe ilikiri kwamba jiji lilikuwa linaendeshwa kwa ruzuku kutoka ushago.

Na "shamba" haikuwa shamba. Ilikuwa watu. Ilikuwa wanawake waliobaki, waliolima, wakalea watoto, wakawabeba wazee mgongoni kwenda kwa daktari. Kazi yao haikuandikwa popote kama mshahara.

Uhuru ulipokuja, mwaka 1965 tukapata NSSF, akiba ya uzeeni. Lakini ilikuwa ya watu wa ajira. Guka, aliyepika katika hoteli moja ya Nairobi kuanzia miaka ya sitini, alikuwa na kitu cha kukatwa. Shosho, aliyelima tangu akiwa msichana na hajawahi kupumzika hata leo, hakuwa na mwajiri. Kwa vitabu vya serikali alikuwa hafanyi kazi.

Pesa iliyokuja na macho

Sasa fikiria teknolojia ya guka. Alikuwa na njia mbili za kutuma pesa nyumbani.

Ya kwanza ni posta. Unajaza fomu, unalipa, unapewa hati ya pesa, unaituma ndani ya barua. Shosho anaipokea, anatembea mpaka posta na kitambulisho, anapanga foleni. Ilikuwa polepole, lakini ilifika.

Ya pili, ambayo shosho anasema ndiyo guka aliipenda, ni kumpa mtu. Jamaa wa kwao anayerudi mwisho wa mwezi. Dereva wa basi anayejulikana. Bahasha, kilo mbili za sukari, labda na sabuni. Huyo mtu alifika mpaka nyumbani. Alikaribishwa, akakaa, akanywa chai. Na akirudi Nairobi, guka alimuuliza, "Umewakutaje?" Akaambiwa yote: paa linavuja, mtoto wa tatu anakohoa, mama yako amekonda.

Hiyo njia ilikuwa na shida zake. Pesa ilichelewa, nyingine "ikapotea", na bahasha haikuwa na siri. Sitaki kuipamba. Lakini iangalie vizuri: kila shilingi ilisafiri na macho. Haikuwezekana kutuma pesa bila kumtuma mtu, na huyo mtu aliona.

Halafu ikaja simu. Majaribio ya M-Pesa yalianza mwaka 2005 na wateja mia kadhaa, na mwanzoni haikuwa hata ya kutumiana. Watu wa Vodafone na Safaricom, wakisaidiwa na fedha za serikali ya Uingereza, walitaka wakopaji wa mashirika ya mikopo midogo walipe mikopo yao kwa simu. Lakini wateja walianza kuitumia kwa mambo yao, na moja ya mambo hayo lilikuwa kutumiana pesa. Kampuni ikaona. Ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, tangazo halikuongea kuhusu mikopo. Liliwaambia watu watume pesa nyumbani.

Nyumbani! Hawakusema tuma pesa kwa landlodi. Walijua ni jeraha gani wanalitibu, lile lililoanzia enzi za kipande. Mtu yuko mjini, mama yuko ushago, katikati kuna kilomita nyingi.

Na ilitibu kweli. Mimi sitakaa hapa nikuambie M-Pesa ni mbaya, nitakuwa mnafiki. Shosho amenunua dawa za presha usiku kwa sababu yake. Hakuna foleni, hakuna dereva wa kukula bahasha.

Lakini kuna kitu tulikitoa bila kukiona. Tuliondoa gharama ya mtu anayebeba, na pamoja naye tukaondoa macho. Pesa ikaanza kufika peke yake. Kwenye ujumbe wangu wa saa mbili na dakika kumi na nne kulikuwa na jina, kiasi, tarehe na saa. Hakuna mahali palisema kama mwenye jina amesimama ama amelala sakafuni. Haikuwa kosa la mfumo, kwa sababu hiyo haikuwa kazi yake. Kosa ni langu, niliyesoma "imepokelewa" nikaelewa "yuko sawa".

Kitufe

Nchi nyingine zilikutana na hili swali kabla yetu, kwa sababu zilizeeka kabla yetu. Ndiyo maana vifaa vyote tulivyotaja kwenye kile kikao vina historia ndefu kuliko tunavyodhani.

Kile kitufe changu cha shingoni, kwa mfano, si cha juzi. Mwaka 1974 huko Massachusetts, Marekani, mwanasaikolojia Andrew Dibner na mkewe Susan walianzisha kampuni iliyoitwa Lifeline. Mzee anayeishi peke yake anavaa kitufe kidogo. Akianguka anakibonyeza, kifaa kilichounganishwa na simu ya nyumbani kinapiga kituo, mara nyingi hospitalini.

Hapo ndipo watu wengi huishia wakisimulia hiyo habari. Mimi nilitaka kujua kinachofuata: kituo kikipokea simu, kinafanya nini? Kinampigia mzee. Asipojibu, kinachukua orodha. Kwenye orodha kuna jina la jirani, la mtoto, la rafiki, mtu anayeweza kufika mlangoni. Bila hiyo orodha, kitufe ni pambo tu.

Miaka ya themanini ikiishia, kampuni nyingine ya vitufe ilirusha tangazo kwenye televisheni, bibi mmoja yuko sakafuni anaomba msaada. Uigizaji ulikuwa wa kizamani, na Marekani nzima ikaligeuza kuwa kichekesho. Hiyo ilikuwa meme kabla ya intaneti. Watu walicheka miaka na miaka. Nilipoliona, miaka miwili iliyopita, nilicheka pia. Sasa siwezi.

Birika la chai

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka Japani.

Mwaka 1996, katika mtaa wa Ikebukuro jijini Tokyo, mama wa miaka 77 na mwanawe mgonjwa walikutwa wamekufa ndani ya nyumba yao. Njaa. Katika mji mmoja tajiri kuliko yote duniani, wenye majirani ukutani, juu na chini. Nchi nzima ilishtuka.

Miaka mitano baadaye, 2001, kampuni ya Zojirushi, inayotengeneza mabirika ya umeme na chupa za chai, ilileta birika jipya. Kwa nje ni birika la kawaida. Ndani lina kifaa cha kutuma ujumbe. Kila mzee anapochota maji ya moto, birika linaweka kumbukumbu, na mtoto wake aliye mbali anapata taarifa kwenye barua pepe mara mbili kwa siku: mama amechota maji saa moja, saa nne, saa tisa. Siku ambayo hakuna maji yaliyochotwa, unajua kuna neno. Huduma hiyo waliipa jina linalomaanisha kumwangalia mtu kwa kumlinda.

Ebu ona akili iliyo hapo. Hawakumwomba mzee ajifunze kitu kipya. Hawakumvisha chochote, hawakumwekea kamera. Walitafuta kitu anachofanya kila siku bila kufikiria, wakasikiliza kimya chake. Mjapani mzee hawezi kukaa siku nzima bila chai.

Niliposoma hayo nilisimama, manze. Kwa sababu sisi tayari tulikuwa na hilo birika. Lilikuwa mkebe wa maziwa. Shosho hakuwahi kuambiwa, "Toa mkebe ili tujue uko hai." Alitoa mkebe ili auze maziwa. Kijana wa pikipiki hakuajiriwa kumlinda mtu. Lakini mkebe usipokuwepo langoni, ni ujumbe, na yeye aliusoma kwa dakika mbili, tena akaujibu kwa miguu yake. Birika la Japani linatuma barua pepe. Mkebe wetu ulikuwa tayari na mtu aliyesimama mbele yake.

Roboti zilifika, kazi ikabaki

Kuna sehemu ya historia ya Japani ambayo video nyingi za teknolojia huruka. Nchi hiyo, ambako karibu watu 3 kati ya 10 wana miaka 65 na zaidi, haikuanza na mashine. Ilianza na sheria. Mwaka 1997 bunge lilipitisha bima ya utunzaji wa muda mrefu, ikaanza kazi Aprili 2000. Mtu akifika miaka 40 anaanza kuchangia. Akizeeka na kushindwa kujihudumia, anapimwa kiwango cha msaada anachohitaji, anapangiwa mtu wa kuja kumwogesha, kumpikia, kumpeleka kituo cha mchana. Mtu wa kulipwa, si binti aliyeacha kazi yake.

Halafu ndiyo roboti zikaja kwa kelele. Umeiona Paro bila shaka, yule sili mweupe wa manyoya anayeitikia akipapaswa, aliyebuniwa na Takanori Shibata na kuuzwa Japani tangu 2005. Kuna za kuinua wagonjwa, kuna za kuongoza mazoezi. Mtafiti James Wright alikaa kwenye nyumba moja ya wazee huko Japani akiziangalia zinavyotumika, na mwaka 2023 akatoa kitabu. Alichokuta ni kwamba roboti ziliongeza kazi badala ya kuipunguza. Lazima mtu azisukume, azisafishe, azichaji, akae karibu zikitumika. Ile ya kuinua watu iliwekwa kando baada ya siku chache. Paro ilimfurahisha mama mmoja mpaka ikawa shida kumfanya ale au alale bila hiyo, na wahudumu wakabaki na kazi ya kuwaangalia wote wawili.

Kwa hiyo, kuanzia kitufe cha 1974 mpaka sili wa manyoya, hadithi ni moja. Kifaa kinaweza kuuliza. Anayejibu ni mtu. Na mahali ambapo huyo mtu hakupangwa wala kulipwa, kifaa kiliishia kwenye droo.

Na sisi?

Kenya ni nchi ya vijana, ndiyo maana haya mambo tunayaona ya wengine. Lakini sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 2.7 hivi wenye miaka 60 na zaidi. Hao ni shosho na guka wa mtu. Katiba ya 2010, Kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kupata utunzaji na msaada unaofaa kutoka kwa familia na kwa serikali. Wote wawili wametajwa. Serikali haiwezi kusukumia familia tu, na mimi siwezi kusukumia serikali tu.

Tumefanya nini? Kwa kiasi kikubwa, tumetuma pesa. Mwaka 2018 serikali iliufungua mpango wa Inua Jamii kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi asiye na pensheni, shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni hatua kubwa. Kwa mara ya kwanza mtu kama shosho, ambaye hakuwahi kuwa kwenye orodha ya mwajiri yeyote, alitambuliwa. Lakini angalia umbo lake: ni kile nilichokuwa nikifanya mimi. Pesa inafika. Macho je?

Kitu kinachonipa matumaini ni kingine, na hakiongelewi sana kwenye mitandao yetu. Mwaka 2023 serikali ilianza kuwapa wahudumu wa afya wa jamii, wale tunaowaita CHP, karibu laki moja nchi nzima, mikoba yenye mashine ya kupima presha, ya kupima sukari, na simu ya kurekodi. Wengi wao ni wanawake wa kijiji hichohicho. Anatembea, anabisha hodi, anapima, anaandika. Hiyo ndiyo teknolojia yenye miguu. Ukiuliza mimi, hiyo simu mkononi mwa mama anayeingia nyumbani ina thamani kuliko kamera kumi. Swali ni kama atalipwa vizuri na kwa wakati, ama tutarudia kosa la 1920: kudhani kwamba utunzaji ni kazi inayojifanya yenyewe kwa sababu anayeifanya ni mwanamke na yuko ushago.

Tulivyofanya

Kamera tuliiondoa. Pesa ambazo ankoo alikuwa anataka kulipia intaneti ya kamera, pamoja na michango yetu wengine, sasa zinamlipa mama jirani. Elfu sita kwa mwezi. Anakuja asubuhi, anarudi jioni, anakaa na shosho mpaka chakula kiive. Mwanzoni alikataa pesa, akasema kwani yeye ni nani asimwangalie mama. Shangazi alimjibu vizuri: amekuwa akimwangalia bure miaka yote, na hiyo ndiyo aibu yetu.

Kijana wa maziwa ana namba zetu tatu. Asipoona mkebe, anapiga honi, anaingia, halafu anapiga simu. Tunamtumia kitu kidogo kila mwisho wa mwezi, lakini si kwa siri kama hongo ya mapenzi. Tumekubaliana ni kazi.

Mimi nampigia shosho kila siku saa moja asubuhi, kabla sijaingia kwenye mathree. Dakika tatu. Nitasema ukweli, kuna siku nimesahau. Lakini sasa nikikosa, kuna wengine wawili kwenye mstari. Simu yake haikai tena kwenye chaji nyumba kubwa jioni. Kitufe alikikataa katakata, lakini alishona mwenyewe mfuko wa kitambaa, anaufunga kiunoni chini ya sweta, simu na pesa zinakaa pamoja. Hakuna aliyemfundisha. Nadhani kama tungemuuliza yeye kwanza, kabla ya kile kikao, tungeokoa pesa ya kamera.

Ukiwa na mtu wako ushago, kabla hujanunua kifaa chochote, jiulize maswali mawili. Kikilia, nani atafika mlangoni? Na huyo mtu, mmemlipa? Ukiwa na majibu, nunua unachotaka, hata saa ya bei ghali. Ukikosa majibu, unanunua tu usingizi wako mwenyewe, kama mimi ile Jumanne.

Jumamosi iliyopita nilienda. Niliamshwa na honi langoni, saa kumi na mbili kasoro, na giza bado. Nikachungulia dirishani. Mkebe ulikuwepo, pale pale pake. Nikashangaa mbona anapiga honi na mkebe anauona. Halafu nikasikia shosho akimjibu kwa sauti kutoka jikoni, akimwuliza kwani ana haraka ya kwenda wapi. Kijana akacheka, akachukua maziwa, akaenda.